Mguu wa Koplo Tobia na Vita Vilivyorudiwa

Ipo nchi inaitwa Jamhuri ya Shwari. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Serikali yake iliichukua ramani ili ifanyiwe marekebisho, na marekebisho bado yanaendelea vizuri. Mimi niliwahi kukaa huko, nikala chakula chao na kusikiliza redio yao, na haya ninayoyasimulia nayasimulia kwa heshima zote zinazostahili.

Watu wa Shwari wanajivunia sana Katiba yao. Imewekwa kwenye kabati la kioo katika ukumbi wa Bunge, na ufunguo wa kabati anao mtu ambaye huwa safarini. Lakini hata asiyejua kusoma anajua kwamba ndani yake mna ibara isemayo kuwa jeshi la Jamhuri halitavuka mpaka kwenda vitani kabla Bunge halijaridhia.

Sasa ikatokea Mtukufu Rais yuko mezani anakunywa chai, akasikia redioni kwamba huko ng'ambo ya Mto Luhazi, katika nchi ya jirani, waasi wameshika silaha na wanaisumbua serikali rafiki. Bunge lilikuwa likizo. Wabunge wengine walikuwa nje ya nchi kujifunza namna mabunge ya wenzao yanavyokwenda likizo. Mtukufu akaona si uungwana kuwakatisha masomo. Akapiga simu moja tu, na chai haijapoa kikosi kikawa kimeshavuka daraja.

Vita vyenyewe havikuwa virefu. Waasi walikuwa wanadai zahanati. Serikali ya jirani ilipochoka milio ya risasi ikawajengea hiyo zahanati, nao wakarudisha bunduki wakaenda kulima, na kikosi cha Shwari kikarudi nyumbani kinaimba. Aliyerudi bila kuimba ni mmoja, Koplo Tobia Kihwelo. Yeye alikuwa ametumwa kutafuta kuni za kuchemshia maharage ya kikosi, akakanyaga bomu lililofukiwa njiani. Mguu wake wa kushoto, kuanzia chini ya goti, ulibaki huko huko.

*

Kidonda kilipopona, Tobia alikwenda hospitali ya jeshi kuomba mguu wa bandia. Alikwenda na mkewe, Tunu, mwanamke mpole wa sauti lakini mgumu wa kuondoka mahali kabla hajajibiwa. Waliketi kwenye benchi hadi walipoitwa dirishani kwa Meja Pamba, afisa wa viungo. Meja Pamba alikuwa mtu mwema. Kila alipomnyima mtu kitu alikuwa akisikitika kwa dhati.

"Mguu ulipotelea wapi, Koplo?"

"Vitani, afande."

"Vita gani?"

"Hivi vya juzi. Vya ng'ambo."

Meja Pamba akafungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, akageuza ukurasa, akarudi tena juu. Kisha akavua miwani.

"Koplo, hapa hakuna vita. Bunge halijaridhia vita vyovyote. Na kisheria, vita ambavyo Bunge halikuridhia havikutokea."

"Lakini mimi nilikuwapo, afande."

"Sikatai kwamba ulikuwapo. Ninachosema ni kwamba vyenyewe havikuwapo. Kwa hiyo mguu huu unahesabika umepotea katika shughuli binafsi. Pengine ulikuwa matembezini."

Tunu akasogea dirishani. "Afande, na ile bunduki aliyokuwa ameibeba kwenye hayo matembezi ilikuwa ya nani?"

"Mama, mambo ya bunduki yako jengo lile la pili."

"Na magwanda?"

"Ghorofa ya juu yake." Meja Pamba akafuta miwani yake, na macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. "Nawahurumia sana. Kama angeupotezea kambini wakati wa gwaride, leo hii angeondoka na wa bandia."

*

Mbunge wao alikuwa Mheshimiwa Restituta Mbonde, aliyekuwa mkunga kabla ya kuingia kwenye siasa. Alimjua Tobia tangu alipompokea mikononi akiwa mtoto mchanga mwenye miguu miwili. Aliwasikiliza, akawakaribisha uji, akasema, "Hili ni dogo. Nitauliza swali Bungeni. Waridhie tu vile vita, kijana apate mguu wake. Nani atakataa?"

Siku ya swali ukumbi ulijaa. Mheshimiwa Restituta alisimama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ni lini Bunge liliridhia jeshi kwenda vitani, na kama halikuridhia, je, haliwezi kuridhia sasa?

Waziri wa Ulinzi, Mheshimiwa Daktari Ladislaus Chambua, alisimama, akarekebisha tai, akasema:

"Mheshimiwa Spika, kwanza nampongeza Mtukufu Rais. Pili, nakupongeza wewe binafsi kwa namna unavyokikalia kiti. Tatu, Serikali haikupeleka jeshi vitani. Serikali iliwaruhusu vijana wake kuvuka mto wakiwa na silaha, na walipofika upande wa pili mazingira yakawa ya kivita. Mazingira, Mheshimiwa Spika, hayapelekwi na mtu. Yanakuwapo."

Makofi yakapigwa. Mbunge mmoja wa viti vya nyuma akapendekeza Bunge liridhie kwa tarehe iliyotangulia vita, na kila mtu abadilishe kalenda nyumbani kwake. Spika Hamza Kitwana alikataa. Alieleza kwamba Kanuni ziko wazi: Bunge haliridhii jambo lililokwisha kutokea, kwa kuwa jambo lililokwisha kutokea halihitaji ridhaa ya mtu. Ridhaa ni lazima itangulie, vita vifuate.

Hapo ndipo Waziri Chambua aliposimama tena, huku uso wake uking'aa kama wa mtu aliyepata mtoto.

"Mheshimiwa Spika, ufumbuzi upo. Vita virudiwe."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa furaha. Mbunge mmoja akauliza virudiwe dhidi ya nani.

"Dhidi ya wale wale," Waziri akajibu. "Hatuwezi kuanza kutafuta maadui wapya wakati tuna hawa tuliowazoea. Safari hii Bunge litaridhia kwanza, jeshi litavuka baadaye, Koplo atapoteza mguu kwa utaratibu, na Katiba yetu itabaki bila doa."

Mheshimiwa Restituta aliinuka huku mkono wake umeshika kiti cha mbele. "Mheshimiwa Spika, mimi niliomba mguu. Sikuomba vita."

"Mheshimiwa, umepewa zaidi ya ulichoomba," Spika akasema. "Bunge linastahili shukrani. Waliosema ndiyo wameshinda. Sasa wanaoafiki waseme ndiyo."

Wakasema ndiyo. Restituta alisema hapana, peke yake, na Spika alimshukuru kwa kuonyesha kwamba demokrasia ya Shwari imekomaa.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwa Tobia. Hakujua aanzie wapi. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama Tunu akichambua mchele, akasema, "Wanangu, nimeharibu." Kisha akawaeleza. Tobia alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu.

"Sasa, mama, huo mguu nitakaoupoteza ni upi?"

*

Balozi wa Shwari alitumwa ng'ambo kuzungumza na aliyekuwa kiongozi wa waasi. Zamani huyu alijiita Kamanda Radi, lakini tangu zahanati ijengwe alikuwa amerudia jina lake la Ezra Lukelo, na alilima vitunguu kandokando ya mto. Balozi alimkuta katikati ya matuta, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Mnataka nipigane tena?" Lukelo aliuliza.

"Kidogo tu, mheshimiwa muasi. Nusu siku."

"Bunduki nilirudisha."

"Tutakuazima."

"Wenzangu wametawanyika. Mmoja ni kinyozi, mwingine amekuwa mzee wa kanisa. Nitawaambia nini? Tena zahanati tulishapata."

Balozi alieleza kwamba uasi wa kweli hauhitaji sababu, na kwamba serikali zote mbili zimekubaliana kuutazama uasi huo kwa jicho la kirafiki. Lukelo alikuwa ameshaanza kukataa kwa kichwa. Ndipo balozi, akitafuta la kuongezea, akataja mguu wa Koplo na jinsi ulivyopotea kwenye njia ya kuni.

Lukelo aliacha jembe lisimame ardhini. "Ile njia ya kuni, karibu na mkuyu ulioanguka?"

"Ndiyo hiyo."

"Kumbe yule kijana yuko hai?"

"Yuko hai, ana mke, na anakuja vitani."

Lukelo alitazama matuta yake kwa muda. Halafu akasema atakuja, ila baada ya kumwagilia.

*

Kabla kikosi hakijaondoka, daktari wa jeshi aliwakagua askari mmoja mmoja, kama sheria inavyotaka. Alipofika kwa Tobia akaandika kwamba huyu hafai kwa vita, ana mguu mmoja.

Habari zikafika kwa Waziri, naye akaja mbio. Tobia ndiye sababu ya vita vyenyewe. Bila yeye jeshi lingekwenda kufanya nini? Lakini daktari alishikilia msimamo. Sheria inasema askari wa mstari wa mbele awe na miguu miwili, na tena, akaongeza, mtu hawezi kupoteza mguu ambao hakwenda nao.

Hoja hiyo ilimwingia Waziri. Akamwita Meja Pamba, na Meja Pamba akafungua stoo, akatoa mguu wa bandia mpya, wenye kiatu chake kabisa, akamfunga Tobia mikanda kwa mikono yake mwenyewe. Hakuulizwa ulikopotelea ule wa kwanza. Ilitosha kutia sahihi.

Tobia alisimama. Alitembea kutoka ukutani hadi mlangoni, akageuka, akarudi. Safari ya kwanza alishika ukuta. Safari ya tatu hakushika kitu. Tunu alikuwa amekaa kwenye benchi na magongo mapajani, akimfuata kwa macho anavyokwenda na anavyorudi. Halafu akajifunika uso kwa ncha ya kanga.

Meja Pamba naye alilia, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. "Unakukaa vizuri sana," alisema. "Basi utaupoteza mchana, kabla waheshimiwa hawajaingia kwenye chakula."

*

Siku ya vita hali ya hewa ilikuwa nzuri. Wabunge waliletwa kwa mabasi, wakaketi chini ya maturubai upande wa Shwari, kila mmoja na maji yake ya chupa. Bendi ya polisi ilipiga. Ng'ambo walisimama Lukelo na wenzake sita, wameshika bunduki za kuazima kama watu walioshikishwa watoto wa wageni.

Waziri Chambua alihutubia kwa kipaza sauti. Alisema kwamba leo historia inaandikwa upya, na safari hii kwa mwandiko mzuri. Alisema nchi nyingine hupigana kwanza zikaomba ridhaa baadaye, ila Shwari imepiga hatua: imepigana kwanza, ikaomba ridhaa, ikapigana tena. Kisha akapeperusha kitambaa, kikosi kikavuka daraja, risasi zikapigwa juu, kinyozi akazirai, na ikatangazwa kwamba mapigano ni makali.

Katika moshi ule Tobia alitembea hadi kwenye njia ya kuni. Ulikuwa ndio mwendo mrefu kuliko wote tangu aumie, na kisiki cha mguu kilikuwa kimeanza kuwaka moto, lakini alifika kwa miguu. Alimkuta Lukelo ameketi kwenye gogo la mkuyu, bunduki ameilaza chini.

"Wewe ndiye Koplo?"

"Ndiye mimi."

"Lile bomu nililifukia mimi."

Tobia naye aliketi, akanyoosha mguu mpya mbele yake. "Nilikuwa natafuta kuni," alisema.

"Najua. Nililitegea gari."

"Hii njia haipiti gari."

"Sasa najua." Lukelo alichuma jani akalikunjakunja. "Siku ile nilisikia mlipuko, nikawaambia wenzangu tumepata gari. Tukapongezana. Baadaye mmoja akaenda kutazama, akarudi na kikapu cha kuni."

Kutoka upande wa pili kipaza sauti kikakoroma, sauti ya Waziri ikaja kwa upole: "Koplo Kihwelo, muda umefika. Tafadhali poteza mguu."

"Siupotezi," Tobia alisema.

"Nani atakulazimisha?" Lukelo akasema. "Mimi ndiye adui, na sitaki."

Dakika chache baadaye Meja Pamba alifika akihema, ameshika kofia mkononi. Alimweleza Tobia hali ilivyo. Akiupoteza mguu, ataandikwa majeruhi halali wa vita halali, na ataruhusiwa kuomba mguu wa bandia. Asipoupoteza, atakuwa amerudi kutoka vitani mzima, na mtu mzima hahitaji mguu wa bandia, kwa hiyo akivuka tu daraja utarudishwa stoo.

"Nikiomba, nitapata baada ya muda gani?"

"Maombi hushughulikiwa kwa zamu. Aliyekutangulia ameshafariki, lakini jalada lake linakwenda vizuri."

"Basi sivuki daraja," Tobia alisema.

"Koplo, vita vinakwisha. Waheshimiwa wanataka kula."

Ndipo Mheshimiwa Restituta alipotokea, viatu mkononi, amevuka daraja bila kuomba ruhusa ya mtu. Alikuwa amesimama nyuma ya Meja kwa muda wa kutosha kusikia. Akatoa azimio la Bunge kwenye mkoba, akasema, "Meja, wewe ni mtu wa sheria. Nisomee hapa vita vinakwisha lini."

Meja akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Azimio lilieleza jeshi litavukaje, litavukia wapi na bendi itapiga nyimbo zipi. Namna ya kumaliza haikuwamo. Kilichokuwamo ni sentensi moja, iliyowekwa na Waziri mwenyewe ili kuonyesha uzalendo, kwamba Jamhuri itahesabika iko vitani maadamu chochote kilicho mali ya jeshi lake kingali kimesimama mbele ya adui.

"Huu mguu ni mali ya nani?" Restituta aliuliza.

"Ya jeshi," Meja alisema polepole.

"Umesimama?"

"Umesimama."

"Na huyu ni nani?"

Meja Pamba alimtazama Lukelo, na Lukelo, kwa kutaka kusaidia, akaiokota bunduki.

*

Kikosi kilirudi, wabunge wakala, mabasi yakaondoka. Koplo Tobia Kihwelo akabaki vitani peke yake. Waziri alikasirika mwanzoni, hadi alipogundua kwamba nchi iliyo vitani haiulizwi maswali mengi, na kwamba sasa anaweza kumaliza hotuba zake kwa kusema vijana wetu wako mstari wa mbele. Alisema vijana kwa wingi kwa sababu ya heshima.

Lukelo alimgawia matuta kando ya yake na chumba cha uani. Kila wiki Tobia alituma taarifa ya vita makao makuu, kama alivyotakiwa. Aliandika kwamba adui ametulia. Aliandika kwamba adui ameazima reki na ameirudisha. Bungeni taarifa zilisomwa watu wamesimama.

Jambo moja tu lilimsumbua, nalo ni Tunu. Yeye hangeweza kuhama, maana mama yake alikuwa mgonjwa na mtoto wao alikuwa shuleni. Walionana darajani, yeye upande ule, mkewe upande huu, na mlinzi katikati amegeuza uso ili asisikilize. Siku moja Tunu alikuja akiwa amechoka, akasema mtoto ana homa tangu juzi na anamwita baba yake. Tobia alitazama daraja. Akapiga hatua moja, mguu wa jeshi ukagonga mbao, akasimama. Kisha akarudi nyuma hadi ilipo nyumba ya Lukelo.

Alipotokea tena alikuwa na magongo, na suruali upande wa kushoto imefungwa fundo.

"Koplo," mlinzi alisema, "umetoroka vitani?"

"Hapana. Mguu uko vitani. Umesimama mlangoni kwa adui, nenda ukautazame. Mimi nakwenda nyumbani."

Mlinzi alifikiri kwa uso uliokunjamana. Alivuka akautazama, akaukuta umesimama wima kizingitini na kiatu chake, na Lukelo ameketi kando anamenya vitunguu, bunduki magotini. Akarudi akamsalimu Tunu, akainua kizuizi.

Mtoto alipona. Na tangu hapo kila mwisho wa juma Tobia alivuka kwa magongo, na hakuna sheria iliyopatikana ya kumzuia. Mwaka ulipokwisha Waziri aliliomba Bunge liridhie vita viendelee. Alieleza kwamba jeshi halijarudi nyuma hata unyayo mmoja. Spika alitangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda, kisha akawauliza, na iliyosikika kuliko zote ilikuwa ndiyo ya Mheshimiwa Restituta Mbonde. Waziri alimwendea baadaye kumpa mkono, akasema anafurahi kuona amepevuka kisiasa. Restituta akamshukuru.

Mimi nilimwona Tobia kwao Jumapili moja. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto amelalia goti lake zima, anakula wali na maharage. Nilimuuliza vita vitakwisha lini. Alisema hajui, hilo waulizwe wabunge. Tunu akacheka, akamwongezea mchuzi. Jumatatu alfajiri alimsindikiza hadi darajani, akampa kifurushi cha chakula, na Koplo akavuka kurudi vitani, maana ilikuwa zamu yake ya kumwagilia.